Picha Iliyoiva Ukutani kwa Kanti

SEHEMU YA TISA

Mlimwacha Protase juu ya stuli, wasomaji wangu, nami sikumshusha. Wiki nzima kijana wa watu amesimama pale, shuka mkononi, mdomo wazi, akiutazama uso wa mkwe wake mtarajiwa ukiota masharubu ambayo yeye hakuyachora.

Kwa wale ambao gazeti la wiki iliyopita lilifungiwa sambusa kabla halijasomwa, nitarudia, ila mara moja tu. Tuko Bukoba, mwaka wa sitini na tisa, Jumamosi mchana, katika hoteli ya chai ya Bwana Kanti. Wasanii wa mjini wametundika kazi zao ukutani ili watu wazione wakila. Protase, fundi wa kuandika vibao vya maduka, amechora picha kubwa ya Ta Buberwa wa Izigo, mwenyekiti wa shamba la kijiji. Hakumchora kwa mapenzi. Ta Buberwa alikataa mbuzi, akakataa blanketi, akasema binti yake Joviana ataolewa siku ile sura ya baba yake itakapotundikwa mjini, mahali penye watu wenye akili.

Basi sura imetundikwa, shuka limevutwa, na katikati ya pua na mdomo umetokea mstari mweusi ambao asubuhi haukuwapo.

“Shuka chini,” Kanti alimnong'oneza. “Stuli ya wateja hiyo.”

Protase akashuka.

Ta Buberwa alikaa meza ya mbele, kanzu nyeupe, koti jeusi, fimbo katikati ya magoti, shavu moja limejaa kahawa za kutafuna. Alikuwa ameacha kutafuna.

“Protase, mwanangu. Mimi nina masharubu?”

“Hapana, Ta.”

“Nimewahi kuwa nayo?”

“Hapana, waitu, mzee wangu.”

“Basi yale ni ya nani?”

Swali zuri. Watu kama arobaini walikuwa wamejibana humo ndani, na wote walishusha vikombe ili wasikie jibu. Aliyekuwa nalo, kama kawaida ya miaka ile, alikuwa mtu ambaye hakuulizwa.

“Ndugu zangu!” ilipaa sauti kutoka kwenye kiti cha mgeni rasmi.

Huyo ni Bwana Philbert, Mratibu wa Sanaa za Maendeleo. Msiniulize Mratibu wa Sanaa za Maendeleo hufanya kazi gani. Niliwauliza watu watatu wa ofisini kwake, wawili walisema yuko safarini na wa tatu aliniuliza mimi. Alitutaka sote tumwite Ndugu, lakini ukimwita Ndugu haitiki, mpaka umwite Bwana Mratibu. Ana miaka hamsini, daftari moja, na kofia ambayo haivui hata akiwa kanisani.

Ni yeye aliyezikagua kazi zote kabla hazijatundikwa, akaziona zimepungukiwa na siasa. Datius alikuwa amechonga ng'ombe mzuri wa pembe ndefu. Ng'ombe huyo sasa alisimama juu ya kabati la mikate akiwa na jembe begani. Clotilda, msusi wa mikeka, aliambiwa mkeka wake utundikwe ukutani kama picha. Alitii. Wazee watano waliotoka Muleba walifika, wakauona, wakauteremsha, wakautandika chini na kuukalia, kwa sababu hawajawahi kuona mtu mwenye akili akining'iniza mkeka wakati wageni wamesimama. Clotilda aliwashukuru.

“Ndugu zangu,” alisema Bwana Mratibu, “hii ndiyo sanaa tunayoitaka! Masharubu ni alama ya kukomaa. Msanii anatuambia kwamba kiongozi wetu wa kijiji amekomaa kisiasa.”

Watu wakapiga makofi. Enzi zile ukisikia “Ndugu zangu” kwa sauti ile, mikono ilijipigia yenyewe.

Ta Buberwa akaanza tena kutafuna. Kukomaa kisiasa hakukumchukiza. Protase akavuta pumzi ya kwanza tangu wiki iliyopita.

Haikudumu. Masharubu yale hayakutaka kubaki masharubu. Yalikuwa yakirefuka huku na huku, yakatoka nje ya mashavu, ncha zikajikunja kuelekea nyuma. Mtu mwenye masharubu ya namna ile hapiti mlangoni bila kugeuka ubavu.

Mlango wa jikoni ukafunguka. Akatoka Ma Klaudia, dada yake Ta Buberwa, sinia la sambusa mikononi. Kwa kina Buberwa msichana haolewi shangazi yake asipokubali, na Ma Klaudia alikuwa na tabia ya kutokubali mpaka aombwe mara tatu. Akaitazama picha, akainusa hewa.

“Huo si wino,” akasema kwa sauti ambayo hata wa barabarani waliisikia. “Huo ni utomvu wa mgomba.”

Chumba kizima kikaguna. Hakuna aliyezaliwa kwenye kibanja, katikati ya migomba, ambaye mama yake hakumchapa kwa ajili ya utomvu wa mgomba. Unakata mkungu, tone linaangukia shati, unatazama unaona maji tu. Unafuta, unakwenda zako. Kesho yake maji yale yamekuwa ya kahawia. Keshokutwa ni meusi, na shati ndiyo limekwisha, hata ulipeleke ziwani ukalisugue mpaka mikono itoke damu.

“Umemchora mkwe wako kwa utomvu?” aliuliza Clotilda kutoka kwenye mkeka wake.

“Sikutumia utomvu mimi!” Protase alisema. “Nilipaka chokaa yenye gundi, halafu rangi ya dukani. Rangi ya kopo!”

“Basi utomvu ulikuwa kwenye kitambaa kabla ya chokaa,” alisema Clotilda. “Na hapo nyuma ya ukuta si ndiyo jiko la Kanti? Joto linauivisha.”

Protase akakumbuka. Kitambaa! Kile kitambaa cha amerikani aliletewa Alhamisi na Ma Klaudia mwenyewe, kimekunjwa vizuri, cheupe, kimetoka kwa Joviana. Yeye kwa furaha ya mapenzi akaona mchumba wake amemletea kitambaa cha kumchorea baba. Akakimbilia chokaa. Hata barua ndani ya mikunjo hakuitafuta.

Akageukia mlango wa jikoni. Katika upenyo, nyuma ya bega la shangazi yake, alisimama Joviana. Msichana wa adabu hukaa jikoni baba yake akiwa mezani, ndivyo alivyofundishwa, na alikuwa amekaa huko tangu asubuhi. Amefunika mdomo kwa mikono miwili. Macho yake hayakuwa kwa Protase. Yalikuwa kwenye picha.

Ni yeye, Protase alijua. Amechora kitu, na mimi nimempaka baba yake juu yake.

“Ma,” akamnong'oneza shangazi, huku akijifanya anachagua sambusa, “alipokupa kile kitambaa alisema nini?”

Ma Klaudia akatazama pembeni.

“Alisema usikiguse mpaka Jumapili. Ukitundike juani, usubiri.”

“Mbona hukuniambia?”

“Niliona ni upuuzi wa wachumba. Mtu mzima nitumwe kusema tundika kitambaa usubiri?” Akashusha sauti. “Tangu Jumanne haruhusiwi kutoka nyumbani. Leo ametoka kwa sababu mimi nilisema sikaangi sambusa za watu arobaini peke yangu. Na kitambaa kile, kaka yangu alikikagua yeye mwenyewe kabla sijakibeba. Alikigeuza huku na huku, akakiona cheupe, akaniruhusu.”

“Jumanne kulikuwa na nini?”

“Kulikuwa na mitungi miwili ya pombe ya lubisi, Protase. Ililetwa kwa kaka yangu ikiwa na mfuniko wa majani mabichi, na aliyeileta hakuja kunywa. Alikuja kuposa.”

“Nani?”

Ma Klaudia hakujibu kwa mdomo. Alilisogeza sinia mpaka kwenye kiti cha mgeni rasmi, akasema kwa heshima zote, “Karibu sambusa, Bwana Mratibu.”

Naona mmoja wenu amekaa vizuri kwenye kiti. Subirini, kuna zaidi.

“Gurudumu!” mtu alipiga kelele.

Kweli. Chini ya fimbo ya Ta Buberwa, pale Protase alipochora majani ya maharage kwa siku nzima, duara kubwa lilikuwa likitokeza, la kahawia, kisha jeusi. Na ndani yake vijiti.

Bwana Mratibu alikuwa wa kwanza kusimama. Sambusa ilikuwa bado mdomoni.

“Gurudumu la maendeleo!” alisema. “Mnaona? Linazunguka! Halirudi nyuma!”

Makofi. Kisha likatokea gurudumu la pili.

“Na la pili ni...” Bwana Mratibu akameza. “Ni la maendeleo pia. Maendeleo hayatembei kwa gurudumu moja.”

“Hiyo ni baiskeli,” akasema mzee mmoja kwenye mkeka.

“Ni fikra, mzee wangu.”

“Fikra yenye mnyororo?”

Watu walicheka, na hapo ndipo wote walipoelewa kwa pamoja kwamba masharubu hayakuwa masharubu. Yalikuwa usukani. Ta Buberwa alikuwa ametundikwa mbele ya Bukoba nzima na usukani wa baiskeli umempita chini ya pua.

Biashara ya Kanti ilikuwa haijawahi kuchangamka vile. Waliokuwa nje waliingia, waliokuwa ndani waliagiza chai nyingine ili wasihame viti. Kanti mwenyewe alikuwa akikimbia na birika, akiomba kimoyomoyo kwamba picha isimalizike mapema. Wasanii hawa walipomwomba ukuta mwezi uliopita aliwaambia picha hazili wala hazinywi. Sasa alikuwa tayari kuwapa na dari.

“Taa ya mbele imepinda,” alisema mzee wa mkeka, ambaye macho yake yalikuwa mazima kuliko ilivyotakiwa. “Nani ana baiskeli yenye taa iliyopinda?”

“Ta Buberwa,” akajibu mwenzake bila kufikiri. “Si alianguka nayo Muhutwe mwaka jana?”

Ta Buberwa alitema kahawa zake kwenye kisosi, moja moja, taratibu.

“Na kama ni yangu?” akauliza. “Mwenyekiti hawezi kuwa na baiskeli?”

“Anaweza, Ta. Anaweza sana.”

Nyuma ya kiti cha baiskeli, pale ambapo Protase alikuwa amechora jua likichomoza juu ya shamba la kijiji, yakaanza kutokeza magunia. Moja. La pili juu yake. Na Joviana, wasomaji wangu, hakuwa amechora magunia tu, alichora na punje za kahawa zikidondoka kupitia tundu, ili mtu asije akadhani ni ya karanga.

“Mavuno!” alisema Bwana Mratibu. Sauti ilikuwa imepungua unene. “Mavuno ya kijiji.”

“Naipeleka wapi?” Ta Buberwa alijibu swali ambalo hakuna mtu aliyemuuliza. “Naileta hapa Bukoba! Kwenye ushirika! Kama kila mwananchi mwema anavyofanya! Protase, mwanangu, ni picha nzuri. Umenionyesha napeleka kahawa kwenye ushirika. Asante. Sasa ifunikeni tukale.”

“Ngoja, Ta,” alisema Clotilda. “Kuna kitu juu ya magunia.”

Protase alisogea mpaka pua yake ikakaribia ukuta. Kwanza ilikuwa kama furushi. Kisha furushi likapata kichwa, kichwa kikapata kitambaa kilichofungwa nyuma, na mikono iliyofungwa kamba kwenye magunia yenyewe. Msichana mdogo, mstari mmoja mmoja, amekaa juu ya kahawa kama gunia la tatu. Hakuwa na mdomo. Alikuwa na macho tu, na yalitazama moja kwa moja mbele, kwa yule atakayeitazama picha.

Protase akaelewa. Hii ilikuwa barua. Joviana hakusoma zaidi ya darasa la nne, na karatasi baba yake angeisoma. Basi alichukua kitu pekee ambacho baba yake hawezi kukisoma kabla ya siku tatu, akamwandikia mchumba wake: wananiuza pamoja na kahawa. Na mchumba, mjinga wa wajinga, akachukua barua ile akaipaka chokaa, akaitundika hotelini, akawaalika watu.

Alitaka kulia, wallahi. Badala yake alisikia amri.

“Zimeni jiko!”

Ilikuwa sauti ya Bwana Mratibu.

“Jiko, bwana?” Kanti alisimama na birika lake. “Sambusa ziko kwenye mafuta.”

“Nimesema zimeni jiko! Kuna joto humu. Afya ya wananchi!”

Hapo, kwa mara ya kwanza siku ile, kichwa cha Protase kilifanya kazi. Mtu aliyekuwa akishangilia kila mstari, mbona sasa hataki mistari zaidi? Akarudi nyuma kidogo. Masharubu: Bwana Mratibu alisema kabla ya mtu yeyote. Gurudumu: alisema ni fikra wakati mnyororo unaonekana. Alikuwa ameitambua baiskeli kabla ya mwenyewe kuitambua! Alikuwa hatafsiri picha. Alikuwa anaifunika.

Na kwa nini Ta Buberwa, aliyekataa mbuzi na blanketi za kijana, apokee mitungi miwili tu ya lubisi kutoka kwa mzee wa miaka hamsini asiyevua kofia? Baba wa aina ile hapunguzi bei ya binti bila kushikwa mahali.

Kanti hakuzima jiko. Alisema anazima, akaenda jikoni, akarudi na sambusa nyingine. Mungu ambariki.

Na utomvu ukaendelea kuiva. Mbele ya gurudumu la kwanza ikatokea mistari miwili mirefu ya kwenda juu, na kati yake vijiti vya pembeni, na chini yake mto mpana. Mwenye macho mazima kwenye mkeka ndiye aliyesema, lakini kila mtu alikuwa ameshaona.

“Daraja la Kyaka.”

Niwaeleze wale msiotoka huku. Mtu anayetoka Izigo na kahawa yake kwenda kwenye ushirika Bukoba halivuki daraja la Kyaka. Atapita mito midogo, atapita matope, atapita kwa shemeji yake akanywe. Lakini daraja la Kyaka, hapana. Anayelivuka na magunia mawili anakwenda mahali pamoja tu, ng'ambo ya mpaka, ambako kahawa ya maganda, ile ambayo haijakobolewa, ililipiwa vizuri zaidi na hakuna aliyemsomea muuzaji hotuba. Jina lake ni magendo, na mwenyekiti wa shamba la kijiji alikuwa akiyapigia kelele kila Jumapili baada ya misa.

“Uongo!” Ta Buberwa alinyanyuka. “Kijana huyu nilimpa heshima anichore, ananichora mwizi! Mimi! Ndoa hakuna! Mnasikia wote? Hakuna!”

Nyuma ya mlango, Joviana alitoa sauti ndogo. Protase aliisikia, na ilimchoma.

“Kaa, mzee,” alisema Bwana Mratibu kwa upole ambao haukumpendeza mtu. Alifungua daftari. Sasa alikuwa amerudi kwenye kazi anayoijua. “Hili si jambo la ndoa. Hapa pana kosa la kumkashifu kiongozi hadharani. Nani alichora vitu hivi vya utomvu? Simuulizi aliyechora uso. Namuuliza aliyechora utomvu. Fundi anasema hakutumia. Kitambaa kilitoka wapi?”

Macho ya Ta Buberwa yakaanza safari. Yalitoka kwa Protase, yakaenda kwa dada yake, na sura yake ikawa ya mtu anayekumbuka kwamba Alhamisi aligeuza kitambaa cheupe huku na huku. Ma Klaudia alilikumbatia sinia tupu kifuani.

Hatua moja zaidi na wangefika jikoni.

“Mimi,” akasema Protase.

“Wewe nini?”

“Mimi nimechora. Utomvu wote. Nilidanganya nilipokana.”

“Protase!” Clotilda alisema. “Acha ujinga.”

“Ni mimi.”

Bwana Mratibu akatabasamu, na sikuwahi kupenda tabasamu la mtu mwenye daftari.

“Vizuri sana. Basi haina taabu.” Alinyoosha kalamu kuelekea kona ya juu ya picha, upande wa pili wa daraja, ambako chokaa ilikuwa bado nyeupe kabisa. “Pale bado hapajaiva. Aliyechora anajua alichora nini. Tuambie, msanii. Pale kutatoka nini?”

Protase aligeukia ukuta. Alitazama kona. Nyeupe. Alitazama mlango wa jikoni. Joviana alikuwa akitikisa kichwa, lakini kichwa kinachotikiswa hakisemi kama ni mtu au mti au nyumba.

“Tunasubiri,” alisema Bwana Mratibu. “Akikosea, tutajua anamficha mtu, na mtu huyo tutamfuata, awe mwanamume au mwanamke. Na yeye mwenyewe atalala ndani kwa kutudanganya.”

Jikoni mafuta yaliendelea kuchemka. Ilikuwa kweli: akikisia vibaya, wangemtoa Joviana jikoni kwa mkono. Na akikisia vizuri, je? Hakuwa na namna ya kukisia vizuri. Alichokuwa nacho ni jambo moja tu, kwamba mtu huyu alitaka jiko lizimwe kabla daraja halijatokea.

Protase akajifuta uso kwa shuka.

“Wewe,” akasema.

“Nini?”

“Pale kutatoka wewe, Bwana Mratibu. Nimekuchora umesimama mwisho wa daraja, na kofia yako hiyo hiyo, umemnyooshea mkono mwenye baiskeli apite. Nilikutengenezea vizuri. Hata daftari nimelichora.”

Hakuna aliyecheka. Hiyo ndiyo ilikuwa dalili mbaya.

Bwana Mratibu alicheka mwenyewe. Alicheka vizuri, kwa sauti, akawageukia watu wacheke naye. Kisha akaitazama kona. Kisha akaacha kucheka akaitazama tena. Mvuke wa jiko ulikuwa umepenya juu ya ukuta, na kwenye kona ile, ama kwa chai ya Kanti ama kwa moshi ama kwa kazi ya shetani, kulikuwa na kitu kama rangi ya kahawia. Kidogo. Duara dogo, kama kichwa.

“Kama kofia vile,” alisema mzee mwenye macho mazima.

Nitawaambia kilichotokea kama nilivyokiona. Bwana Philbert, Mratibu wa Sanaa za Maendeleo, alichukua kisu cha mkate cha Kanti kutoka mezani. Alipanda juu ya stuli. Alikata kona ile ya kitambaa, chwaa, kuanzia juu mpaka kwenye daraja, akashuka nayo, akaingia nayo jikoni mbio mpaka watu wakapisha, akaisokomeza kwenye makaa chini ya karai la sambusa. Alisimama pale akiitazama mpaka ikawa majivu. Kisha akageuka, kisu mkononi, na mlangoni mwa jikoni kulikuwa na nyuso arobaini.

“Kama hakuwapo darajani,” aliuliza Clotilda polepole, “amechoma nini?”

Kofia ilikuwa imemwanguka. Kumbe ana upara, maskini.

“Ilikuwa... ni ushahidi...” alianza.

“Ushahidi huchomwa siku hizi?” mzee mmoja aliuliza. “Tusiojua tuelezwe.”

Ta Buberwa alikaa chini taratibu, kama mtu aliyeshikwa na uzee ghafla. Mtu wake mkubwa, yule ambaye angewalinda wote wawili, alikuwa amejikamata mwenyewe kwa mikono yake miwili, tena bila kuulizwa. Protase akalikunja shuka. Ameshinda! Barua imesomwa na mji mzima, na hakuna aliyejua nani aliiandika. Joviana yuko salama. Alikuwa anaanza kutabasamu, mjinga yule.

Joviana alikuwa amesimama hatua mbili kutoka kwenye jiko. Hakumtazama Bwana Mratibu, wala kisu chake. Alitoka jikoni, akapita katikati ya watu, akasimama mbele ya picha, akautazama ule uwazi uliokatwa. Machozi yalikuwa yakimtiririka.

“Kwa nini umesema hivyo, Protase?” aliuliza. “Pale sikuchora kitu. Pale nilikuachia nafasi ya kunijibu.”

Chumba kizima kilimgeukia, na wa kwanza kugeuka alikuwa baba yake.